Mwendesha baiskeli, wati zako zinasomwa na nani?

Zamani mtu akitaka kuendesha baiskeli alihitaji pampu, spana na chupa ya maji. Siku hizi anahitaji na kompyuta. Wapo wasomaji wa ukurasa huu walioko Nairobi na Mombasa, watu wa kazi za ofisini wenye umri kama wangu, ambao baada ya kuambiwa na daktari kwamba presha imepanda au sukari inanyemelea, walinunua baiskeli za mashindano na kuanza kutoka alfajiri kila Jumamosi. Jambo hilo ni zuri na mimi nawapongeza. Baadhi yao hutufikia hata huku Taita Taveta, kwa sababu huku kuna kitu ambacho Mombasa haina, yaani milima, na kuna kitu ambacho Nairobi haina, yaani joto.

Kwenye baadhi ya baiskeli hizo kumefungwa kifaa kiitwacho kipima nguvu. Hukaa ndani ya pedeli au kwenye mkono wa pedeli, na kazi yake ni kuhisi jinsi chuma kinavyopinda, kidogo sana, kila mguu unapokanyaga. Mjerumani Ulrich Schoberer alianza kutengeneza vifaa vya namna hii mwaka 1986, navyo vikawa vya mabingwa peke yao kwa miaka mingi. Leo mtu mwenye mshahara mzuri anaweza kukinunua. Kila sekunde kifaa huandika namba moja. Ukitoka Voi saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tatu, umejiletea namba 10,800 za nguvu, na nyingine kama hizo za mpigo wa moyo, za mwendo na za mzunguko wa miguu. Hakuna macho ya binadamu yanayoweza kusoma mlolongo huo. Ndiyo maana zikaundwa programu za kuuchambua, na ndiyo maana swali ninaloulizwa na waendesha baiskeli siku hizi mara nyingi si la dawa bali ni hili: daktari, nichukue programu gani?

Wapo watakaosema kwamba hilo si swali la daktari, aulizwe fundi au kocha. Mimi nasema ni la daktari kabisa. Programu hizi humwambia mtu apumzike au aongeze bidii, na mtu huzitii kuliko anavyonitii mimi. Kitu kinachompa mtu ushauri kuhusu moyo wake, damu yake na uchovu wake ni haki kichunguzwe kama tunavyochunguza maabara kabla ya kuipelekea sampuli. Hatuchagui maabara kwa uzuri wa karatasi inayotoka. Tunataka jibu la kweli, lenye jina la mgonjwa, ambalo mgonjwa anaweza kuondoka nalo na kumwonyesha mtu mwingine.

Tuanze na wati yenyewe, maana wengi huitaja bila kuijua. Ni ile ile ya balbu. Chukua mtu wa kilo 75, mwenye baiskeli na maji ya kilo 10, anayepanda kutoka Mwatate kuelekea Wundanyi. Tuseme amepanda mita 500, si za barabara bali za kimo, kwa dakika 50. Zidisha kilo 85 kwa 9.81, ambayo ni hesabu ya mvutano wa dunia, zidisha tena kwa mita 500, kisha ugawanye kwa sekunde 3,000. Utapata wati 139. Ongeza kiasi kwa ajili ya upepo na msuguano wa magurudumu. Akipanda mlima ule ule kwa dakika 40 zitakuwa wati 174 kabla ya nyongeza hiyo. Kwa hesabu hii, ambayo mtoto wa shule anaiweza, mtu asiye na kipima nguvu anaweza kufuatilia maendeleo yake mwezi hadi mwezi kwa saa ya mkononi na mlima mmoja, bila kutoa hata shilingi. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo watakaosoma makala haya wakidhani wamepungukiwa.

Lakini hesabu hiyo yahitaji mlima mkali. Kwenye tambarare, kwa mfano ukitoka Voi kwenda Maungu kwenye barabara kuu ya Mombasa, upepo ndio unaotawala, na malori yanayokupita huuvuruga zaidi. Hapo makadirio hayana maana. Hata hivyo ziko programu, Strava ikiwa mojawapo, zinazomkadiria wati mtu asiye na kifaa chochote, na mtu huyo hujipiga kifua kana kwamba amepimwa.

Hatari ya makadirio tuliiona kwa mtoto wa Nairobi. Chris Froome alizaliwa jijini humo mwaka 1985, akalelewa kibaiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, na baadaye akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, akiendesha kwa jina la Uingereza. Tarehe 14 Julai 2015, katika mlima wa La Pierre-Saint-Martin kusini mwa Ufaransa, aliwaacha wenzake wote. Televisheni ya Ufaransa ikatangaza makadirio ya mtaalamu kwamba alitoa wati 7.04 kwa kila kilo ya mwili wake, namba inayomfanya mtu ashukiwe kutumia dawa. Timu yake ikajibu kwa kutoa namba za kipima nguvu chenyewe: wastani wa wati 414 kwa takribani dakika 41, naye akiwa na kilo 67.5. Ukigawanya unapata 6.13. Kisha mtaalamu wa timu akaeleza kwamba gia yake ya mbele haikuwa ya duara kamili, na kwa sababu hiyo kifaa kilizidisha kwa asilimia 6 hivi, kwa hiyo namba sahihi ni 5.78. Mtu mmoja, mlima mmoja, siku moja, namba tatu. Kama wakubwa wenye mafundi na madaktari wao walibishana kiasi hicho, wewe na simu yako mtakuwa na uhakika gani?

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolitaka kwa programu ni uaminifu. Ikuonyeshe wazi ni namba zipi zimepimwa na zipi zimekisiwa. Ikuruhusu kuifuta sekunde moja iliyoandika wati 1,900 kwa sababu kifaa kilipata mtikisiko kwenye shimo la barabarani, la sivyo sekunde hiyo itakuwa rekodi yako ya maisha. Na wewe nawe ufanye sehemu yako. Asubuhi ya Wundanyi ni baridi, mchana wa Voi ni tanuri, na chuma kikipata joto hubadilika. Vifaa vingi hujirekebisha kwa kiasi, lakini kirudishe kwenye sufuri kila unapotoka. Mashine ya posho haigeuzi mahindi yaliyooza kuwa unga mzuri.

Sasa tuje mahali ambapo mimi kama daktari napata wasiwasi zaidi. Programu nyingi za siku hizi zinategemea fikra moja. Mtaalamu wa Marekani, Andrew Coggan, alieneza kipimo cha nguvu kubwa kabisa ambayo mtu anaweza kuishikilia kwa karibu saa nzima. Kwa kuwa si wengi wanaopenda kuteseka saa nzima, hupimwa kwa dakika 20 na kupunguzwa asilimia 5. Ukiendesha saa moja kwa nguvu hiyo, unapewa alama 100. Alama za kila siku hukusanywa: wastani wa siku 42 huitwa uwezo wako, wastani wa siku 7 huitwa uchovu wako, na tofauti ya hizo mbili ndiyo inayokwambia kama uko tayari au hujawa tayari. Mzizi wa hesabu hii ni kazi ya Eric Banister wa Kanada katika miaka ya 1970. TrainingPeaks, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, ndiyo iliyoisambaza, na wengine wakaifuata kwa majina yao wenyewe.

Ni hesabu nzuri kwa kocha anayemjua mtu wake. Lakini 42 na 7 ni namba za mazoea tu, hazikutolewa kwenye damu yako. Na kubwa zaidi, hesabu hii huona wati peke yake. Haikuona kwamba ulikesha kwenye matanga. Haikuona kwamba ulisafiri usiku kucha kwenye basi, wala kwamba mtoto alikuwa akilia hadi saa tisa. Na hapa naomba msomaji asome polepole: ukilala kitandani siku saba kwa malaria, programu itahesabu kwamba umepumzika vizuri, itakupaka rangi ya kupendeza, na itakuarifu kwamba uko tayari kwa mashindano.

Huo si utani. Mtu aliyetoka kwenye malaria bado damu yake ni pungufu kwa wiki kadhaa. Mtu aliyetoka kwenye homa ya virusi, mafua makali au korona, anaweza kuwa na uvimbe kwenye msuli wa moyo bila kujua, na moyo wa namna hiyo ukisukumwa kwa nguvu unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo na kusimama ghafla. Ndiyo maana tunasema ukiwa na homa usifanye mazoezi makali, na ukipona anza taratibu. Ukiona kifua kinabana, moyo unaruka-ruka, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, shuka kwenye baiskeli na uende ukapimwe moyo kwa mashine ya umeme, hata kama simu yako inasema leo ndiyo siku yako.

Programu inayofaa basi lazima iweke mpigo wa moyo kando ya wati, kwenye karatasi moja, na ikupe nafasi ya kuandika kwa maneno yako: nimelala saa ngapi, nimeamka na mapigo mangapi, ninahisi vipi, ninatumia dawa gani. Programu isiyo na nafasi hiyo mimi siipendi hata ikiwa ya dhahabu.

Hapa Voi sababu yake huonekana haraka. Mji uko kwenye kimo cha takribani mita 600 na katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30 bila taabu. Mgeni kutoka Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya kimo, hufurahi kwamba hapa anapumua vizuri na wati zinapatikana. Saa ya kwanza anaendesha kwa wati 150 na moyo unapiga mara 135 kwa dakika. Saa ya pili wati ni zile zile 150, lakini moyo umefika 147. Programu inayotazama wati tu itasema safari yako ilikuwa sawia, mwanzo hadi mwisho. Lakini gawanya wati kwa mapigo: saa ya kwanza unapata 1.11, saa ya pili 1.02. Umepungua kwa zaidi ya asilimia 8. Moyo unafanya kazi ya ziada kwa sababu damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili na kwa sababu maji yamekwisha mwilini kwa jasho. Makocha wengi huona tofauti ya chini ya asilimia 5 ni ya kawaida kwa safari tulivu. Ikizidi hapo na jua likiwa linapanda, tafuta kivuli, kunywa maji, jimwagie mengine kichwani na shingoni. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kujibu ovyo au kutapika, hilo ni jambo la hospitali na la haraka, na apozwe kwa maji pale pale mnaposubiri gari.

Kuna na jambo la dawa, ambalo sijaona programu ikiliuliza. Wengi wa wasomaji wangu wenye presha wanatumia vidonge, na vidonge vingine, kama atenolol na bisoprolol, hufanya kazi kwa kuutuliza moyo usipige haraka. Mtu wa namna hiyo anaweza kupanda mlima hadi akaishiwa pumzi na moyo wake usipite 120. Programu inayompangia viwango vya mazoezi kwa kanuni ya 220 kutoa umri wake itamwambia kwamba hajaanza hata kutoka jasho, ajikaze. Kwa mtu huyu wati ni kipimo cha kweli kuliko moyo, na hapo nakiri kipima nguvu kina faida ambayo hata daktari anaionea wivu. Wengine wanatumia dawa za kukojoza maji. Kwenye joto la Voi dawa hizo na jasho ni mambo mawili yanayovuta upande mmoja. Usiache dawa kwa sababu ya baiskeli. Zungumza na daktari wako kuhusu saa za kuimeza, naye akupime chumvi za damu.

Wenye sukari wao wanayo faida nyingine. Kazi uliyoifanya kwenye pedeli huandikwa kwa kilojuli, na kwa bahati njema mwili wa binadamu hutumia chakula kwa namna ambayo kilojuli moja ya pedeli ni karibu sawa na kalori moja ya chakula, zile zinazoandikwa kwenye pakiti. Wati 150 kwa saa moja ni kilojuli 540, basi umetumia kalori 540 hivi. Kwa mtu anayejidunga insulini namba hii ni ya kweli kuliko makisio ya saa ya mkononi, na inamsaidia kujua kama ndizi mbili zinatosha au hazitoshi. Bado atapima sukari kwa tone la damu kama kawaida.

Namba moja nataka niitaje kwa ubaya wake: wati kwa kilo. Ziko njia mbili za kuipandisha, kuongeza nguvu au kupunguza uzito, na ya pili ndiyo ya haraka. Vijana wanajinyima chakula ili mstari upande. Msichana anayefanya mazoezi mengi na hali vya kutosha huweza kukosa hedhi miezi mitatu, akadhani ni sifa ya mwanamichezo, kumbe mifupa yake inaanza kudhoofika. Wanaume nao hawakupona, nguvu za kiume hushuka na majeraha hayaishi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina rasmi mwaka 2014. Kama programu yako inaweka namba hiyo kwenye ukurasa wa kwanza na kijana wako ndiye anayeitumia, iondoe hapo.

Turudi kwa Froome, maana kisa chake cha kufaa zaidi kwetu si kile cha mlima wa Ufaransa. Kabla hajajulikana alikuwa mtu wa kushangaza. Siku moja namba zake zilikuwa za bingwa, wiki iliyofuata alikuwa akiachwa nyuma, na timu yenye wataalamu na kompyuta za kila aina haikuweza kueleza kwa nini. Mwisho wa mwaka 2010 damu yake ikapimwa, akaonekana ana kichocho. Mdudu alikuwa ndani yake akila chembe nyekundu za damu huku wachambuzi wakichambua wati. Alitibiwa kwa praziquantel, dawa ile ile tunayowapa watoto wa shule, na ilibidi arudie matibabu. Mwaka uliofuata akamaliza wa pili katika mbio za Uhispania, ushindi aliopewa rasmi mwaka 2019 baada ya aliyekuwa mbele yake kufutwa.

Kichocho hatukisomi vitabuni tu huku kwetu. Upande wa Taveta, penye mifereji ya kumwagilia mashamba, na kwingi pwani, ugonjwa huu umekuwepo kwa miaka mingi. Mwendesha baiskeli aliyechomwa na jua akiona maji ya mfereji hujitosa miguu na kunawa uso. Nasi hatumlaumu. Lakini kama wiki baada ya wiki wati zako zinashuka na hakuna sababu, kabla hujabadilisha programu au kununua magurudumu mepesi, pimwa mkojo na choo, pimwa wingi wa damu, pimwa sukari, na mwambie daktari ulipita maji gani. Mkojo ukiwa na damu usingoje wiki. Na ukiwa mweusi kama soda ya kola baada ya safari ngumu ya joto, misuli imevunjika na figo ziko hatarini, nenda siku hiyo hiyo. Wenye nusu ya selimundu katika damu, nao si wachache upande wa pwani, wawe waangalifu zaidi katika hilo.

Sasa nitaje majina, kwa sababu msomaji amelipa pesa za gazeti na hataki daktari anayezunguka. Strava ni ya marafiki. Itumie kwa kusalimiana na kutambiana, lakini usiitegemee kwa habari za mwili wako. TrainingPeaks inafaa kama una kocha, kwa sababu kocha anaandika mpango upande mmoja nawe unajibu upande wa pili, na sehemu zake bora hulipiwa. Bila kocha utakuwa unalipia viti ambavyo hakuna anayevikalia. Golden Cheetah ni ya bure kabisa, hukaa ndani ya kompyuta yako na hufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo mtu aliyewahi kutafuta mtandao kwenye kona za Milima ya Taita hatalidharau. Sura yake haivutii, na kuijua kunataka jioni kadhaa za subira. Intervals.icu, iliyoundwa na David Tinker wa Afrika Kusini, hufunguliwa kwa intaneti, unaweza kuitumia bila malipo na kuichangia ukipenda, na ina nafasi ya kuandika usingizi, mapigo ya asubuhi na hali ya mwili. Zote mbili hukuonyesha ile tofauti ya wati na moyo niliyoieleza. Mimi ningemshauri mtu anayeanza achukue mojawapo ya hizo mbili na pesa alizookoa azitumie kupimwa moyo kama amepita miaka arobaini na ana presha, sukari, sigara, au baba aliyekufa mapema kwa moyo.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujalipa ada ya mwaka, panda mlima wako mara tatu ndani ya wiki tatu, mafaili yake uyatie katika programu mbili, uone ipi inakwambia jambo ambalo mwili wako nao unakubaliana nalo.

Na faili lenyewe lihifadhi kwako. Mwezi wa Julai 2020 kampuni ya Garmin ilivamiwa na wahalifu wa kompyuta, na kwa siku kadhaa wateja wake duniani kote hawakuweza kuzifikia safari zao. Waliokuwa na mafaili yao kwenye kompyuta zao waliendelea kama kawaida. Programu inayokataa kukupa faili lako halisi, sekunde kwa sekunde, usiingie humo hata ukipewa bure. Tangu mwaka 2019 tunayo sheria ya kulinda habari za mtu hapa Kenya, na habari za afya zimo. Pia ficha mahali unapoanzia safari. Mwaka 2018 ramani ya Strava ilifichua hata njia za ndani ya kambi za kijeshi, sembuse lango la nyumba yako na saa unayoliacha kila asubuhi.

Ukija kwa daktari, niletee karatasi moja. Iwe na wati na mapigo ya wastani kwenye mlima ule ule kwa miezi mitatu, uzito wako, mapigo ya asubuhi, dawa unazotumia, na siku ulizokuwa mgonjwa. Kwa hiyo naweza kufanya kazi. Grafu zenye rangi ziache nyumbani.